Musiguse Kwanza

Philémon alijichoma sindano ya insulini saa mbili na nusu asubuhi, kwa sababu binti yake alimwahidi kwamba saa tatu kamili watakuwa mezani na chakula mbele yao. Daktari alimfundisha hivyo miaka sita iliyopita: ukishachoma, kula ndani ya nusu saa, saa hiyo haichezewi. Naye hakuwahi kuichezea. Alikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya watu binafsi huko Kadutu, mjini Bukavu, mtu wa kengele na ratiba, na hata ugonjwa wake aliupangia ratiba.

Walikuwa wametoka misa ya kwanza. Mkewe, Adolphine, alitaka kumchemshia uji wa soya anywe hata nusu kikombe, lakini Fanny, binti yao, alikataa kwa upole huku akimnyooshea baba yake kola ya shati. Papa akila sasa, alisema, atafika kule hana hamu, na hamu ya kula ndiyo kitu ambacho watu watakiangalia. Adolphine akauliza hiyo brunch yenyewe ni nini hasa.

"Ni chakula ya asubuyi na ya muchana, banaichanga pamoja," Fanny akajibu.

Philémon akasema basi wao wamekula brunch miaka mingi bila kujua, maana nyumbani kwao asubuhi na mchana vilishachanganywa zamani. Wakacheka wote watatu.

Balcon Bleu ulikuwa mkahawa wa mtaa wa Nguba, juu ya ziwa, ambao kila kijana wa Bukavu aliujua kwenye simu hata kama hakuwahi kuukanyaga. Kulikuwa na bembea iliyozungushiwa maua ya plastiki, na ukuta uliochorwa mabawa mawili makubwa. Ukisimama katikati yake unakuwa malaika. Watu walitoka hata Bujumbura kuja kupiga picha pale. Fanny alimaliza chuo kikuu, masomo ya mawasiliano, miaka minne iliyopita, na tangu hapo alikuwa akiuza magauni ya mitumba kupitia simu, kazi iliyompatia wafuasi elfu kumi na moja na nauli ya taksi. Wiki hiyo msimamizi wa Balcon Bleu, kijana aitwaye Fabien, alimwandikia. Aje na wazazi wake, wale bure, apige video ya familia iliyo kwenye brunch. Video ikipendeza atakabidhiwa kurasa zote za mkahawa, kwa dola mia mbili na hamsini kila mwezi. Fanny aliusoma ujumbe ule mpaka akaukariri pamoja na nukta zake. Mshahara wa baba yake haukufika nusu ya hapo.

* * *

Langoni mlinzi alitaka kuona ndani ya mfuko wa Adolphine. Alikuta ndizi mbivu mbili na kiazi kitamu kilichofungwa kwa kitambaa safi. Akavitoa kimoja kimoja, akavipanga juu ya meza yake mbele ya watu waliopanga foleni, kama askari aliyekamata magendo.

"Chakula ya inje haiingiaka humu, Maman."

Adolphine aliinama kumweleza kwa sauti ya chini kwamba ni cha mgonjwa. Hakumaliza. Philémon alimgusa kiwiko. Nyuma yao kwenye foleni alisimama Maman Anne-Marie, mjumbe wa kamati ya wazazi wa shule yake, na alikuwa ameshamwona.

"Mwalimu, ata nyinyi muko mu brunch?"

Philémon akatabasamu, akamsalimu, akamuuliza habari za mtoto. Kwa mkewe alisema neno moja tu: aviache. Shuleni hakuna aliyejua kwamba ana ugonjwa wa sukari. Miaka miwili nyuma mwenzake Placide, mwalimu wa darasa la nne, alianguka kifafa mbele ya wanafunzi, na kabla ya juma kwisha kamati ilikuwa imempa bahasha na kumshukuru kwa huduma zake. Philémon ndiye aliyemsaidia kubeba vitabu vyake mpaka kwake. Jioni ile alimwambia Adolphine kwamba sindano ni jambo la ndani ya nyumba, na litabaki humo.

Ndizi zikabaki langoni.

Ndani, meza yao haikuwa tayari. Kundi la wafanyakazi wa mradi fulani lilikuwa limeikalia, na lilikuwa halijamaliza kujipiga picha. Fanny aliambiwa asubiri dakika tano. Dakika tano zikawa thelathini na tano. Hapakuwa na viti vya kungojea, kwa hiyo walisimama karibu na ule ukuta wa mabawa, wakisogea kila mara mtu alipotaka kuwa malaika. Philémon aliangalia saa yake mara tatu, kisha akaacha, maana Adolphine alikuwa akimwangalia akiiangalia.

Meza ilipopatikana, Fabien alikuja mwenyewe, amevaa viatu vyeupe bila soksi, ananukia vizuri. Aliwapokea kwa heshima. Kisha akawaomba warudi mpaka langoni waingie upya, kwa sababu mpiga picha wake, Mardochée, hakuwahi kuwanasa wakiingia. Wakarudi, wakaingia. Fanny akatazama kwenye simu, akasema Maman alikuwa amekunja uso. Wakarudi tena. Mara ya tatu Adolphine alitabasamu kama mtu anayeumwa jino, na hiyo ndiyo iliyokubaliwa.

Orodha ya vyakula haikuwa kwenye karatasi. Mezani palibandikwa mraba wa vidoadoa vyeusi, wa kusomwa kwa simu, na simu ya Philémon ilikuwa ya vitufe. Aliutazama ule mraba kama anavyotazama daftari la mwanafunzi aliyeandika upuuzi, akasema yeye atakula chochote, ila kiletwe. Fanny akamwambia asijali, chakula kimeshachaguliwa.

* * *

Kilikuja saa nne na nusu, na kusema kweli kilikuwa kizuri. Chapati ndogo nene zilizopandana kama vitabu, mayai yenye kiini laini, mkate uliopakwa parachichi, matunda yaliyokatwa, kahawa yenye jani lililochorwa kwa povu, na chupa ndogo ya asali. Philémon akanyoosha mkono.

"Musiguse kwanza," Mardochée akasema. Alisema kwa adabu, na kwa adabu hiyohiyo akaisogeza sahani mbali na mkono wa mzee.

Wingu lilikuwa limekaa juu ya ziwa. Mardochée alitaka jua liipige asali wakati inamiminika, kwa hiyo wakangoja jua. Lilipotoka, Fanny alimimina asali, ikateremkia upande mmoja kama kamasi. Sahani ikafutwa na chapati zikabadilishwa. Mhudumu, msichana aitwaye Djamila, alikwenda na kurudi na sahani nyingine, na kila aliporudi alimtazama mzee. Kikombe kikageuzwa mkono. Maua yakahamishwa. Mardochée akapanda juu ya kiti.

Adolphine aliona jasho juu ya mdomo wa mumewe, na hapakuwa na joto. Chini ya meza akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa. Akamwinamia Fanny, akamwambia baba yako lazima ale sasa hivi. Fanny hakuishusha simu.

"Dakika mbili, Maman. Mbili tu. Kazi yangu njo iko hapa."

Fanny hakuwa mtoto mbaya. Aliujua ugonjwa wa baba yake kama watoto wengi wanavyojua magonjwa ya wazazi: kisanduku kilichokuwa kabatini, kisichomhusu. Hakuwahi kuona sukari ikishuka, kwa sababu kwa miaka sita mama yake alihakikisha haishuki. Na Philémon, ambaye neno lake moja lingetosha, hakulisema. Maman Anne-Marie alikuwa meza ya tatu kutoka kwao. Philémon alitaka tu kipande kimoja cha chapati, kimya kimya, mambo yaishe. Akanyoosha mkono mara ya pili. Safari hii ni Fanny aliyeushika mkono ule, akaurudisha taratibu juu ya paja lake.

"Papa, tafazali."

Hazikupita hata hizo dakika mbili. Philémon alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akasema kwa sauti ya darasani kwamba kila mtu atoe kibao chake cha kuandikia. Aliwaambia wateja wa meza ya jirani wakae wima. Akamuuliza Mardochée kwa nini amepanda juu ya dawati na nani aliyempa ruhusa. Ulimi wake ulikuwa mzito na macho yake yalitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Simu zikaelekezwa kwake; mahali pale hakuna aliyehitaji kuitafuta simu yake, zote zilikuwa mikononi.

Mlinzi alikuja mbio kutoka langoni, akamshika chini ya kwapa.

"Muzee amekunywa," akatangaza.

Fabien alimsogelea Fanny. Bado alikuwa akitabasamu kwa ajili ya wateja. Alimwambia amtoe baba yake mbele ya watu, na afanye mbio. Fanny alisimama na simu mkononi, haijui pa kuelekea, na yeye mwenyewe hajui.

Philémon alikuwa ameshateleza mpaka chini, mgongo kwenye mguu wa meza. Adolphine alimsukuma mlinzi kando, akaichukua ile chupa ya asali, akapiga magoti, akaitia asali kidoleni na kumpaka mumewe kwenye fizi na ndani ya shavu, tena na tena, huku bega lake likiitikisa meza iliyopangwa kwa saa nzima. Mayai yakaanguka. Kahawa ikammwagikia Philémon kwenye suruali. Akaita aletewe soda ya Fanta, na Djamila alikuwa ameshafika nayo, imefunguliwa. Nyanya yake huko Uvira alikuwa na ugonjwa huo, na msichana huyo alikuwa ameutambua tangu lile jasho, lakini ilikuwa juma lake la kwanza kazini na aliogopa kusema.

Philémon alipoweza kumeza alikunywa kidogo kidogo. Robo saa baadaye alijua yuko wapi, na hapo ndipo yalipokuwa magumu zaidi. Aliiona asali kwenye shati lake. Aliona suruali iliyolowa, na akajua watu wanaidhania nini. Aliwaona wateja wakishusha simu mmoja mmoja, na Maman Anne-Marie akiinamia sahani yake kama mtu anayesali.

* * *

Fabien hakuwafukuza. Wazazi walikalishwa nyuma, karibu na makreti ya soda, naye akamwita Fanny ofisini. Juu ya meza yake aliweka karatasi: brunch ya watu watatu, kwa kuwa video haikupatikana, pamoja na vyombo vilivyovunjika, dola sitini na tano. Aliiweka tu, hakumwambia alipe. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Mteja mmoja alikuwa amesharusha video, ameiita Muzee wa Brunch, nayo ilikuwa inatembea mjini haraka kuliko pikipiki. Chini yake watu wawili walikuwa wameshaandika neno sumu.

Kila mtu wa Bukavu anajua maana yake. Mtu akianguka mezani, hakuna anayeuliza kama amelala njaa. Watu huuliza nani aliyepika. Fabien alikuwa na wafanyakazi kumi na wanne, na mkahawa uliofunguliwa kwa pesa za mjomba wake asiyependa utani. Kwa hiyo alitaka Fanny mwenyewe, kwenye ukurasa wake mwenyewe, aseme kwamba baba yake alitoka kwenye sherehe ya ndoa akiwa amekunywa, na kwamba chakula cha Balcon Bleu ni safi.

"Mulevi, batu banacheka, kesho banasahau," alisema. "Mugonjwa wa kuanguka ku meza, banasema sumu. Na mi nafunga. Unanisikia? Sina kitu mubaya na papa yako."

Akampa mpaka Jumanne saa sita mchana. Video ikitoka, karatasi ile itapasuliwa na kazi itaanza siku hiyohiyo. Fanny aliomba muda wa kufikiri, akaaibika hapohapo kwa kuomba muda.

Walirudi Kadutu kwa taksi. Adolphine alikaa katikati yao.

Jumatatu, kengele ilipolia, Philémon hakufika darasani. Mkurugenzi wa shule, Zagabe, alimwita kabla hajavuka uwanja. Simu ilikuwa mezani. Wazazi kumi na mmoja walikuwa wameshamtumia ile video, wengine na maneno makali. Zagabe hakuwa mkali. Alimuuliza tu kama alikuwa amelewa. Philémon, ambaye hakuwa ameonja hata kasiksi, pombe ya ndizi, tangu miaka sita iliyopita, alisema hapana. Basi ilikuwa nini? Philémon akakumbuka uzito wa vitabu vya Placide begani mwake, akasema alikuwa amechoka. Zagabe akasema mtu aliyechoka hawaamuru wateja wa mkahawa watoe vibao. Abaki nyumbani. Kamati itakaa Alhamisi.

Alirudi, akavua viatu, akalala akiutazama ukuta. Adolphine alitaka kwenda kwa mkurugenzi akamweleze ukweli wote. Philémon alimkataza bila kugeuka.

* * *

Jumanne asubuhi Adolphine alikuwa uani akipiga pasi magauni ya Fanny ya kuuza aliposikia sauti ya binti yake ndani ya chumba. Ilisema ndugu zangu, papa yangu alitoka kwa ndoa, alikunywa kidogo, musameheni. Ikanyamaza, ikaanza tena. Mara ya kwanza ilitetemeka. Mara ya nne ilikuwa laini, ina hata kicheko kidogo mwishoni, na hicho kicheko ndicho kilichomfanya Adolphine aiweke pasi chini.

Alifungua pazia. Hakupiga kelele. Alimuuliza kama amerukwa na akili.

"Shule iko namufukuza, Maman," Fanny akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tukatae na hii, tunabaki na nini? Ile dawa yake, mwezi inakuya, tutanunua na jina yake ya muzuri?"

Swali hilo lilimkasirisha Adolphine kuliko yote aliyoyaona tangu Jumapili. Mwezi uliopita alikuwa ameuza kitenge chake cha Pasaka kwa ajili ya chupa moja ya insulini, na hakumwambia mtu. Kwa hiyo alisema kile kilichokuwa karibu na ulimi.

"Mukono yako ilimukatalia chakula. Sasa kinywa yako njo inataka kumumaliza."

Nyumba ile ilitengwa kwa mbao, na mbao hazifichi maneno. Philémon alikuja, akasimama kwenye pazia, amevaa fulana, miguu mitupu. Siku mbili zilikuwa zimemzeesha.

"Tuma," akasema.

Fanny aligeuka, simu bado mkononi.

"Tuma hiyo video, Fanny. Mulevi anapataka aibu tu. Mugonjwa anapoteza kazi. Yangu ao yako, moja ibaki mu hii nyumba."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayegawa nyama na kusema yeye ameshiba. Kisha akarudi kitandani. Wakasikia mbao za kitanda zikilia.

Fanny alibaki na kidole juu ya simu. Ilikuwa saa tano na nusu. Kama baba yake angegomba, angeituma. Kama angelia, pengine pia angeituma, kisha angeomba msamaha miaka yote iliyobaki. Lakini alikuwa amempa ruhusa, na ile ruhusa hakuweza kuibeba. Alifuta zile video nne moja baada ya nyingine. Mama yake alisimama palepale akimwangalia. Halafu Fanny akaielekeza simu usoni kwake, bila taa, bila kujipaka kitu, kitambaa cha kulalia bado kichwani, akasema mara moja tu, bila kurudia.

"Papa yangu hakunywa. Na chakula ya Balcon Bleu haikumufanya kitu, ju hakuikula. Alikuwa na njaa. Alinyoosha mukono mara mbili. Mara ya pili, mi njo nilimushika mukono asikule, ju ya picha. Ni mimi."

Akairusha.

Fabien alijibu kabla ya saa sita. Alituma picha ya ile karatasi ya dola sitini na tano, bila neno lolote. Kufikia jioni, Muzee wa Brunch alikuwa ameangaliwa mara elfu tisini. Video ya Fanny iliangaliwa mara mia nne, na wengi walioandika chini yake walisema anatafuta umaarufu kwa mgongo wa baba yake.

* * *

Alhamisi kamati ilikaa katika darasa la sita lenyewe, kwa sababu ofisi ilikuwa ndogo. Wajumbe saba walijibana kwenye madawati ya watoto, Zagabe akakaa kwenye kiti cha mwalimu, na Philémon akasimama mbele ya ubao ambao, kwa kuwa wanafunzi wake walihamishiwa darasa la jirani tangu Jumatatu, bado ulikuwa na mwandiko wake wa Ijumaa. Fanny alimfuata. Aliomba kuja, na baba yake hakukubali wala hakukataa.

Alieleza kama alivyoeleza kwenye simu. Aliposema yeye ndiye aliyemshika mkono, mjumbe mmoja mzee, mwuza mbao, alitikisa kichwa. Kisha akauliza swali la haki. Njaa, alisema, wanaijua wote. Kadutu imejaa watu wenye njaa, na hakuna anayeanguka na kuita vibao. Kulikuwa na nini kingine?

Fanny alimgeukia baba yake. Jibu hilo halikuwa lake kulitoa.

Philémon aliutazama mwandiko wake ubaoni mpaka Zagabe akaanza kukusanya karatasi zake.

"Niko na sukari," akasema. "Miaka sita. Hapa hakuna mutu anajua, ju niliona vile mulimufanya Placide."

Jina la Placide halikuwa limetajwa katika shule ile kwa miaka miwili. Mjumbe mmoja alitazama dirishani. Mwingine akauliza kama ugonjwa huo unaambukiza, na mwingine kama ataanguka tena mbele ya watoto wao. Philémon alijibu maswali yote mawili kwa utaratibu, kama somo, akaeleza maana ya sukari kushuka na kwamba kinachohitajika ni chakula kwa wakati wake, basi.

Ndipo Maman Anne-Marie aliposema, akiutazama mkoba wake, kwamba aliuona ule mkono ukirudishwa.

"Nilizani ni adabu ya meza tu," alisema. Akaongeza kwamba ni yeye aliyeituma ile video ya kwanza kwenye kundi la wazazi. Hakuomba msamaha. Alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena.

Waliwatoa nje wakajadiliana. Philémon na Fanny walingoja barazani, wakisikia sauti zikipanda na kushuka. Zagabe alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigania mengi akapata kidogo. Philémon habaki darasa la sita. Hilo ni darasa la mtihani wa taifa, ndilo linaloleta wazazi wapya, na kamati haitaki wasiwasi. Atapewa darasa la pili, kwa mshahara wa darasa la pili, na alete cheti cha daktari kila robo ya mwaka. Aanze Jumatatu. Zagabe alimpa karatasi za darasa jipya, kisha mkono. Philémon akaupokea, akamshukuru, kwa sababu hakujua cha kufanya zaidi ya kushukuru.

Walivuka uwanja. Alikuwa amefundisha darasa la sita miaka kumi na tisa, na wanafunzi wake walikuwa madirishani wanamtazama. Wazazi waliokuja kuchukua wadogo walisimama langoni kwa makundi, wakapunguza sauti alipopita. Fanny akaangalia saa.

"Papa, saa yako ya kula imefika," akasema.

Ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya shule, mwanamke mmoja aliuza mayai ya kuchemsha na mkate. Philémon hakuwahi kununua kwake. Mwalimu hali barabarani mbele ya wanafunzi wake. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na hivyo ndivyo alivyofundisha wengine. Siku zote alingoja mpaka afike nyumbani, hata njia ilipokuwa ndefu.

Alivuka barabara. Alinunua mayai mawili na nusu mkate, akampa Fanny karatasi zake ashike, akamenya yai la kwanza taratibu, akalitia chumvi. Alikula amesimama. Mazungumzo langoni yakakoma. Mwanamume mmoja katika lile kundi akamgusa mwenzake, akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu na kuinyanyua.

Fanny aliiona. Akapiga hatua, akasimama mbele ya baba yake kumkinga, mikono imepanuka kidogo, karatasi za shule zikipepea. Philémon akamsogeza kando kwa kiwiko, bila haraka.

"Acha bapige," akasema, mdomo umejaa. "Niko nakula."